Hivi hizi filamu za kutisha zinazosifiwa siku hizi zinatisha kweli, au tunashikiwa akili?

Mwana wa Mikindani
Habari zenu wakuu.

Kuna jambo linanikera muda sasa, naomba tulijadili. Tangu miaka ya 2010 kuna kundi la filamu za kutisha ambazo wahakiki wa Marekani na Uingereza wanazimwagia sifa mpaka unajiona mshamba kama hukuzipenda: The Babadook na It Follows (zote 2014), The Witch (2015), Hereditary (2018), Midsommar (2019). Nimeziangalia zote. Nimeziangalia usiku, nyumba imetulia, simu nimeiweka mbali. Sikuogopa.

Nilichokiona ni filamu za msiba. Babadook ni mjane ambaye mumewe alikufa kwa ajali akimpeleka hospitali kujifungua, huzuni yake ikageuzwa zimwi. Midsommar inaanza na binti aliyepoteza wazazi na dada yake usiku mmoja. Hereditary inaanzia mazikoni kabisa. Ukiondoa mizimu unabaki na kilio, na kilio nakijua, sihitaji kukaa saa mbili kuonyeshwa kwamba kipo.

The Exorcist ya 1973 ilijua kazi yake. The Conjuring (2013) nayo watu wanaibeza, lakini ile michezo ya kupiga makofi gizani ilinifanya niwashe taa. Kumtisha mtu mzima ni ufundi mkubwa. Kwa nini siku hizi anayetisha anaonekana fundi wa mtaani, na asiyetisha anaitwa msanii?

Korosho Ghafi
Umeongea kwa niaba ya wengi mkuu. Midsommar nilisinzia. Jua linawaka mwanzo mwisho, maua, magauni meupe, watu wanacheza ngoma. Na walisafiri mpaka Sweden kuipiga picha hiyo!

Binti Ligula
Haikupigwa Sweden, ilipigwa Hungary. Sweden ni nchi ya kwenye hadithi tu.

Na hilo jua ndilo jambo lenyewe. Wazee wawili wanapandishwa mwambani, watu wote wamesimama chini wanatazama, mchana kweupe, hakuna giza la kujifichia. Wanajirusha. Mmoja hafi papo hapo. Nilitafuta pa kupeleka macho sikupaona. Tumezoea hofu ya usiku. Yule mwongozaji, Ari Aster, ameifanya saa sita mchana. Huo ni ufundi, Mwana wa Mikindani, tena mgumu kuliko makofi gizani.

Flashi Masasi
Mimi niko upande wa biashara. Nina banda la kuonyesha, na watu wanakuja kuwekewa muvi kwenye flashi. Mteja anasema "nipe ya kutisha", nampa hizi zenye sifa, kesho yake anarudi anataka abadilishiwe. Na si mmoja. Ila nikimpa ya Kikorea, Train to Busan (2016), anarudi na rafiki zake.

Nikiwauliza, wengi hawasemi haitishi. Wanasema "haianzi". Mtu anasubiri dakika arobaini, hakijatokea kitu, anaanza kuchat.

Msomi wa Chuno
Wakuu, tusidhani huu ni ugomvi wa Mtwara na Wazungu. Huko kwao wenyewe walishagombana. Kuna kampuni ya CinemaScore inayowasubiri watazamaji wa mwanzo wakitoka ukumbini, wanatoa alama za herufi kama shuleni. Hereditary ilipata D+. The Witch ilipata C-. Hao ni Wamarekani, wamelipa kiingilio, wamekaa kwenye spika za maana, na bado wamewafelisha watu ambao wahakiki walikuwa wanawaimba.

Korosho Ghafi
D+! Sasa si imeisha hiyo? Uzi ufungwe.

Binti Ligula
Haifungwi. Hereditary iligharimu dola milioni 10 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 80 duniani. Kitu kibovu hakiendi hivyo kwa maneno ya mdomo.

Msomi wa Chuno
Binti, kununua tiketi si kupenda, walivutwa na trela. Trela ya Hereditary ilimweka yule mtoto wa kike mbele, ukadhani ndiye hatari yenyewe, filamu nzima itamzunguka. Kumbe anakufa mapema kabisa, kichwa kinagonga nguzo ya barabarani. Mtu aliyenunua hadithi ya mtoto wa ajabu akapewa hadithi ya familia inayosambaratika, lazima atoe D+. Hasira ile ilikuwa ya mteja aliyeuziwa kitu kingine. Haipimi filamu.

Jamaa wa Nachingwea
Asante kwa kutumwagia kila kitu, mimi nilikuwa bado kuiona 😩

Flashi Masasi
Nachingwea wewe filamu ya 2018 unasubiri nini, mnada wa korosho?

Korosho Ghafi
Halafu mtoto mwenyewe yote yalianza kwa sababu alikula keki yenye njugu kwenye sherehe, mwili ukazikataa, koo likabana, kaka yake akawa anamkimbiza hospitali ndiyo akatoa kichwa dirishani kutafuta hewa. Mtoto yule asingekaa Newala wiki moja. Hewa yenyewe msimu wa kubangua korosho ingemmaliza.

Muuguzi wa Zamu
Mwana wa Mikindani, kaka yangu, hapo kwenye kilio nitakupinga.

Niko Lindi, ni muuguzi, zamu za usiku ndiyo maisha yangu. Kuna kipande cha Hereditary mmekiruka. Baada ya ajali, yule kijana anaendesha gari hadi nyumbani, mwili wa mdogo wake uko kiti cha nyuma. Hamwamshi mtu. Anapanda kitandani na nguo zake. Kamera inabaki usoni kwake mpaka kunakucha, macho wazi. Unasikia mama anajiandaa kutoka, anaaga, mlango wa nje. Kimya kidogo. Kisha ile sauti. Huoni gari, humwoni mama. Unamwona kijana anayesikia.

Sauti ile naijua. Inatoka mara daktari anapomaliza kusema, kabla ndugu hawajafika. Kilio cha msibani kina maneno, kina jina la marehemu, kina watu wa kukipokea. Hii haina neno hata moja. Toni Collette, anayeigiza mama, ameitoa vilevile ilivyo. Nilisimamisha filamu nikatoka kibarazani, na mimi si mtu wa kutishwa na damu. Sasa mtu akiniambia filamu hiyo imekuzwa, namuuliza: imekuzwa na nani, mimi niliyeisikia hiyo sauti kazini?

Mwana wa Mikindani
Dada, pole na kazi, na nimekuelewa. Lakini kilichokutoa nje ni uchungu. Kipande hicho ukikiweka kwenye filamu ya kawaida ya maisha, kitakuwa na nguvu ileile. Mimi naulizia ile saa nzima na zaidi inayobaki baada ya hapo: watu uchi wamesimama kona za nyumba wanatabasamu, mama anaelea darini anajikata shingo kwa waya. Hiyo ndiyo sehemu iliyotakiwa kunitisha, na ndiyo iliyo dhaifu. Wahakiki wanasifu msiba, wanaupa jina la hofu.

Mzee wa Newala
Wanangu, salaam. Mmezungumza vizuri ila mmepita juu ya jambo kubwa.

Kwetu Wamakonde, na Wamwera na Wayao hivyohivyo, ukoo kwa asili unahesabiwa kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto. Sasa itazameni Hereditary kwa jicho hilo. Ubaya wote unashukia kwa mama: bibi mzaa mama, kisha mama, kisha wajukuu. Baba wa nyumba ile ni mkwe tu, hajui kinachoendelea, anaungua moto sebuleni bila kujua kosa lake. Na mjomba je? Alishajinyonga zamani, akaacha ujumbe akimlaumu mama yake kwamba alikuwa anamwingizia watu mwilini. Mjomba ndiye wa kwanza kuharibiwa! Bibi alimtaka mwanamume wa kukaliwa na Paimon, pepo ambaye bibi na kundi lake la siri wanamwita mfalme, mtoto wake mwenyewe akamponyoka kwa kifo, akahamia kwa wajukuu.

Kwa mtu wa kusini, hiyo ni habari kamili, haina haja ya kuelezwa. Ndiyo maana watu walikuwa wanaulizana kabla ya ndoa: bibi yake ni nani? Mimi niliogopa kuanzia pale bibi anapozikwa na wageni wasiojulikana wanatabasamu mazikoni. Wajukuu zangu tuliokuwa tunatazama nao, waliokulia Dar, hawakuona kitu.

Mmwera wa Rondo
Shikamoo mzee. Hapo umefungua mlango.

Mimi naongeza kwa The Witch. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huku Lindi vijijini simba walikuwa wanakamata watu. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na pwani hii ya kusini ndiyo iliyoumia sana. Watu walikuwa wanalala shambani kwenye dungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na simba wakawa wanawafuata hao nguruwe. Maelezo ya kitaalamu ndiyo hayo, na nayaamini.

Lakini nilikuwa mtoto, na kilichonikaa kichwani hadi leo ni jinsi watu wazima walivyoanza kuulizana huyu simba ni wa nani. Kwamba huyu si wa porini, ametumwa, na aliyemtuma tunaye hapahapa. Nyumba zilizokuwa zinaazimana chumvi zikaacha. Kuna bibi mmoja alikuwa anakaa peke yake, watu wakawa wanapita mbali na kwake, watoto tukakatazwa kula chake. Hakuna aliyemshuhudia kwa lolote.

The Witch inahusu hilo hasa. Familia ya miaka ya 1630 huko New England imefukuzwa kijijini, iko ukingoni mwa msitu, mahindi yameoza, kichanga kimepotea mikononi mwa dada yake. Kisha taratibu mama anaanza kumtazama binti yake wa kumzaa kwa jicho lile nililoliona utotoni. Yule mbuzi mweusi wa familia hakunishtua sana. Jicho la mama lilinishtua. Sasa mnaosema haina kitu, mlitaka kitokee nini zaidi ya hapo?

Mzee wa Newala
Marahaba mwanangu. Hayo ya simba tuliyaona huku pia.

Flashi Masasi
Mmwera umeandika vizuri, lakini ngoja niwape sababu ya chini kabisa ambayo wasomi hamuitaji: The Witch HAIONEKANI. Walipiga kwa mwanga wa asili na mishumaa. Ukumbini kwenye giza totoro ni sawa. Kwenye banda langu mabati yana matundu ya misumari, saa nane mchana kila tundu linashusha mstari wa jua, mingine inatua kwenye skrini. Kile kipande cha usiku zizini ni cheusi tupu. Wateja wanaona sura zao wenyewe zimekaa kwenye mabenchi.

Na A Quiet Place (2018) ndiyo balaa. Filamu nzima watu hawatakiwi kutoa sauti, mwenye kelele analiwa. Siku hiyo umeme umekatika, jenereta liko nje ya ukuta linanguruma. Na nakala niliyonayo imetafsiriwa, DJ anaona kimya kimezidi, anajaza maneno yake: "hapa baba anamwambia mtoto nyamaza, nyamaza weee". Watu walicheka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Je, filamu imekuzwa au imeuawa bandani? Mimi nasema imeuawa.

Jamaa wa Nachingwea
😂😂 Hiyo nakala naitafuta.

Ila kuna kimoja kati ya hizi za kisasa nakikubali bila ubishi: Get Out (2017) ya Jordan Peele. Ilichukua mpaka Oscar ya filamu bora.

Msomi wa Chuno
Iliteuliwa kwa filamu bora, haikuchukua. Iliyochukuliwa ni ya mswada asilia, na Peele akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuishinda hiyo. Filamu ya kutisha iliyowahi kubeba filamu bora ni The Silence of the Lambs, kwenye sherehe za 1992.

Korosho Ghafi
Silence of the Lambs ni ya upelelezi. Kuna askari, kuna muuaji, kuna kesi. Mnaibebesha hofu ili muongeze hesabu.

Binti Ligula
Kuna mtu anachuna ngozi za wanawake na mwingine anakula watu. Ukitaka kiongezwe nini, chumvi?

Turudi kwenye Get Out. Mmesikia wimbo wa mwanzoni? Ni wa Kiswahili! Michael Abels aliutunga, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", unamwonya yule kijana mweusi anayekwenda kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu akimbie. Mmarekani anasikia sauti nzito za kunong'ona, anahisi kitu tu. Sisi tumeshaambiwa kabla gari halijafika kwa wakwe. Nilikaa filamu nzima nikiwa najua wazee wamesema na mtu hakusikia. Hiyo nayo ilikuwa hofu, Mwana wa Mikindani, na haikuhitaji mlango kujifunga wenyewe.

Chipukizi wa Mahuta
Nimesoma kimya tangu juu. Naomba niseme kuhusu It Follows kwa sababu mmeitaja mkaiacha.

Tulipokuwa wadogo, kabla hatujaingizwa jandoni, tuliambiwa lipiko, yule mcheza ngoma ya kinyago ya Wamakonde, ni mfu aliyefufuliwa. Nakumbuka lipiko mmoja jioni akitokea njia ya mikorosho. Nguo hadi kwenye vidole, huoni ngozi hata kidogo, kinyago kina meno. Hakukimbia. Shingo iligeuka kwanza, ikatulia, ndipo mwili ukafuata. Watoto wakubwa walikimbia wakicheka. Mimi sikuweza kutoa mguu, kwa sababu alikuwa anatembea tu, na alikuwa anakuja kwangu.

Hiyo ndiyo It Follows. Kitu kinatembea. Hakikimbii, hakichoki, kinabadilisha sura, na wengine hawakioni. Unaanza kuangalia nyuma ya wahusika, mbali kabisa kwenye picha, kila mpita njia unamshuku. Wahakiki waliandika sana kwamba ni fumbo la magonjwa ya zinaa kwa kuwa laana inahama kwa kujamiiana. Huenda. Mimi fumbo sikulihitaji. Kwa hiyo nafikiri sifa wanazozipa ni sahihi ila sababu wanazozitoa ndizo zinazowakimbiza watu. Mtu anaambiwa "ni filamu kuhusu huzuni", "kuhusu zinaa", anakaa kuitafuta maana badala ya kutazama nyuma ya mhusika.

Mwana wa Mikindani
Chipukizi, hilo la sababu nalichukua lote. Wahakiki wanaona aibu kusema "niliogopa", wanatafuta neno la heshima.

Msomi wa Chuno
Na muda nao. The Shining (1980) leo kila mtu anaiinamia. Ilipotoka, Stanley Kubrick aliyeiongoza aliteuliwa kwenye tuzo za Razzie kama mwongozaji mbovu, na Stephen King aliyeandika kitabu hakuipenda. The Thing ya 1982 wahakiki waliiponda. Sasa tunazitumia hizohizo kuwapiga wa leo. Tunazilinganisha filamu mpya na za zamani zilizobaki baada ya mamia kusahaulika.

Korosho Ghafi
Kwa hoja hiyo tusubiri 2058 ndiyo turuhusiwe kusema Midsommar inaboa?

Mzee wa Newala
Mimi sitakuwepo, nisemeeni kwamba niliipenda.

Mmwera wa Rondo
Mbona hamzungumzii za kwetu? Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, miaka ya 2000. Picha hazikuwa safi, sauti ilikuwa inakwaruza, na watu walilala taa zimewaka. Kwa sababu yale mambo yalikuwa ya mitaa tunayoijua.

Muuguzi wa Zamu
Shumileta! Mama alitukataza, tukaitazama kwa jirani. 🙈

Mwana wa Mikindani, nina swali moja kwako. Umeona His House (2020)? Ni mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini, wamepewa nyumba Uingereza, na kuna kitu ukutani. Nayo ni ya msiba tangu mwanzo, walipoteza mtoto baharini. Kwa kanuni yako haitakiwi kukutisha.

Mwana wa Mikindani
Nimeiona, na ilinitisha vibaya sana. Nimekaa na swali lako tangu jana.

Jibu langu ni hili. Kile cha ukutani kina dai. Yule mtoto hakuwa wao, walimchukua ili waruhusiwe kupanda basi, na mama yake alibaki anapiga kelele. Kwa hiyo kilichowafuata kina haki juu yao, kinajua wanachodaiwa, na hakuna sala itakayokifukuza kabla deni halijalipwa. Hapo huzuni ina mwenye kuidai. Kwenye Babadook hakuna mdai. Mume alikufa kwa ajali, mama hana kosa, zimwi limetoka kwenye kitabu cha picha. Msiba usio na mdai unanisikitisha, haunitishi. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kwangu, na wahakiki wanazichanganya zote kwenye kapu moja.

Binti Ligula
Sasa angalau tuna kitu cha kubishania. Lakini Babadook mdai yupo: mtoto. Amezaliwa siku aliyokufa baba yake, mama hajawahi kumfanyia sherehe siku yenyewe, na ndani kabisa anatamani angekufa yeye badala ya mume. Anamwambia kwa mdomo wake. Mtoto anadai kupendwa. Na mwisho zimwi haliondoki, linafungiwa chini ya nyumba, mama anashuka kulipelekea minyoo. Wewe unaita hiyo nini?

Mwana wa Mikindani
Zimwi unalolipelekea chakula likakaa chini likatulia? Huo ni ufugaji.

Muuguzi wa Zamu
Kaka, nenda kairudie kile kipande cha ngazi, anaposhuka na bakuli. Lilimrukia, nusura aanguke. Na bado kesho atashuka tena. Kama huo ni ufugaji, mimi mnyama huyo simtaki uani kwangu.

Flashi Masasi
Wanaoitaka His House ninayo, haijatafsiriwa, ina maandishi ya Kiingereza chini. Njooni jioni, mchana jua la matundu. Na Sinners (2025) nayo imeshanifikia, ila hiyo naomba tusiianzishe humu, Korosho Ghafi ataanza kusema ni ya muziki.

Korosho Ghafi
Kwani si ya muziki?